Ukoko Juu ya Bati la Stoo

Nilikuwa nimeona siku ile ya kwanza kabisa, na sikusema. Nianze na hilo, kwa sababu wengine wote nitakaowasema humu wana makosa yao, ila la kwanza ni langu.

Niliona makombo yameanikwa juu ya bati la stoo, nyuma ya jiko la shule. Ugali wa mchana, umemegwamegwa, umetandazwa na maharage yake, jua la Februari linaupiga. Diana wa darasani kwetu alikuwa kapanda juu ya pipa anaugeuza kwa mti. Akaniona, akacheka, akasema, "Mwenzangu, si unajua, bibi yangu wa kule Mwembesongo ndivyo anavyoanika ukoko wa bata wake." Na mimi nikacheka. Kila nyumba inaanika ukoko. Nani angefikiri ni udanganyifu? Hata Diana mwenyewe hakufikiri. Nikaenda zangu na debe langu kichwani.

Wakati ule tulikuwa kidato cha tatu. Mwalimu Idrisa wa biolojia alikuwa kachoka na lile shimo la makombo. Shule yetu ni ya kutwa, lakini mchana tunakula, wasichana zaidi ya mia nne, na kila siku yanabaki madebe matano ya makombo. Zamani akina mama wa mlimani waliokuwa wanashusha mchicha na kabeji walikuwa wanapita jikoni wakirudi, wanachukua makombo ya nguruwe, wanapanda nayo. Halafu ikaja ruksa ya biashara, kila kitu kikawa cha mtu binafsi, chakula cha shule kikapewa mzabuni, na mzabuni akasema hataki watu wanaingia ingia jikoni kwake. Makombo yakawa yanatupwa shimoni, kando ya korongo. Inzi wa pale walikuwa wanafika mpaka darasani. Mvua moja tu ikinyesha shimo linafurika, yale maji yanashuka kwenye kijito, na chini kule kuna watu wanafulia na wengine wanachota.

Mwalimu Idrisa akatugawa makundi manne. Akasema, "Tusibishane kwa midomo. Tupime." Kundi moja lifukie. Moja lichome. Moja litengeneze mboji. Moja lilishe nguruwe. Kila kundi debe moja kila siku ya shule, wiki nne, na kila kitu kiandikwe: kuni, muda, moshi, inzi, harufu, maji ya kijito, na kinachobaki mwishoni.

Aliposema nguruwe darasa likalipuka kwa kicheko. Wasichana wengine wakaziba pua. Mmoja akasema kwa nyuma, "Mwalimu, na wewe utaenda kupima nguruwe?" Mwalimu Idrisa ni Mwislamu, swala tano. Akasema, "Sitamla, sitamshika, na sitasema uongo juu yake. Kristina, kwenu mnafuga?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mimi huwa naitikia kwa kichwa.

"Basi kundi la nguruwe ni wewe."

Kundi la mtu mmoja. Sawa. Sisi ni wa Mbete, mlimani, saa nzima na zaidi kwa miguu ukiwa na mzigo. Wiki nne nilipanda na debe. Mama alikuwa ananipokea njiani kwenye mteremko mkali. Nguruwe wetu wawili walikuwa wanamaliza debe lote kabla ya giza, na samadi yao tukaitia kwenye matuta ya kabeji. Nikaandika. Na kwa sababu mkono wangu unaandika vizuri, Mwalimu akanipa na kazi ya kukusanya matokeo ya wenzangu, kila Ijumaa, kwenye daftari moja.

Kwa hiyo niliyajua yote. Shimo: inzi wengi kuliko tulivyoweza kuhesabu, na siku ile iliyonyesha tukachota maji ya kijito kwenye chupa, kesho yake chupa ikafunguliwa darasani, Mwalimu mwenyewe akatoka nje. Mboji: nzuri, ina moto ndani ukitia mkono kama tumbo la mgonjwa, ila ugali uliita panya na mbwa mpaka tukaufunika kwa majani ya migomba na udongo. Nguruwe: hakibaki kitu, ila kuna kubeba. Kuchoma, kundi la akina Diana: mzigo mmoja wa kuni kwa madebe manne, moshi kidogo, majivu kidogo.

Mzigo mmoja kwa madebe manne! Mtu yeyote aliyewahi kukoka moto anajua ugali mbichi na maharage na mchuzi wake hauungui hivyo. Nilipoiandika hiyo namba nilikumbuka bati la stoo. Nikainua kichwa. Diana alikuwa anasimulia kitu, darasa linacheka, Mwalimu anaandika ubaoni. Ningepaswa kunyanyua mkono, kusimama, kusema. Nikaandika pembeni kwa penseli, herufi ndogo, "walianika kwanza," nikafunga daftari. Nikajiambia Mwalimu ataona.

Mwalimu alipata malaria wiki hiyohiyo, akalazwa. Daftari akalichukua Madamu.

Madamu Josephina ndiye mkuu wa shule. Simsemi kwamba ni mtu mbaya wa kuzaliwa. Shule ilikuwa haina chaki. Lakini mzabuni wa chakula, Bwana Alois, alikuwa kamwahidi kujenga tanuri la matofali la kuchomea makombo, bure, msaada wake kwa shule, na mgeni rasmi kutoka mkoani atakuja kulizindua. Madamu alitaka sababu ya kulipenda tanuri, akaipata kwenye daftari langu.

Jumatatu moja nikaikuta ukutani, kwenye korido ya ofisi, karatasi kubwa ya manila, imeandikwa kwa kalamu za rangi. Kichwa: NJIA BORA YA KUTEKETEZA MAKOMBO. Safu tatu. Shimo, mboji, kuchoma. Safu ya nguruwe haipo. Mboji imeandikwa panya, imeandikwa mbwa, haijaandikwa udongo unaopatikana. Kuchoma, mzigo mmoja kwa madebe manne. Penseli yangu ya pembeni haipo. Chini kulia: Imepimwa na Kristina, Kidato cha III.

Jina langu. Nilisimama pale mpaka kengele ikalia. Diana akaja akanishika bega, "He! Umekuwa maarufu, mtoto wa mlimani." Hakuwa anakejeli, ndivyo anavyoongea. Nikatabasamu! Mpaka leo nikilikumbuka lile tabasamu natamani nijipige kofi.

Jioni yake nilifika nyumbani nikamkuta mama hayupo. Nikamfuata chemchemini. Sasa, chemchemi yetu iko juu ya mashamba yetu, na juu yake kuna miti, mikuyu na mingine mikubwa, ambayo haikatwi. Hakuna aliyetukataza kwa barua. Ni miti ya lukolo, ya ukoo wetu, ukoo wa upande wa mama, na kila mama wa ukoo anayelima pale chini anajua miti ikiondoka maji yanaondoka. Hata kuni kavu zikianguka pale haziokotwi na mtu mwingine. Mpaka wa msitu wa serikali unapita karibu. Ukiusogeza kwenye karatasi hatua hamsini tu, chemchemi iko ndani.

Nilimkuta mama kasimama na ndoo tupu, na Bwana Alois kasimama juu yake kwenye mteremko, na vijana wawili wenye kopo la rangi. Miti ilikuwa na alama nyekundu. Nilihesabu kumi na tisa halafu nikaacha.

Bwana Alois ni mtu wa kwetu. Alibatizwa misheni hapohapo. Mama yake alichota maji haya haya.

"Shikamoo," nikasema, kwa sababu nimefundishwa.

"Marahaba, mwanangu. Huyu hapa! Dada Katerina, si nakwambia? Muulize mwanao."

"Nimuulize nini?" mama akasema.

"Hii si ya kwangu, dada. Mimi nimetumwa tu. Ni kuni za shule. Tanuri linataka kuni. Mgeni rasmi akija Ijumaa anatia sahihi barua ya kibali, basi, kwisha."

"Kuni za tanuri ndiyo mkuyu?"

"Mkuyu, msederele, chochote kinachowaka."

"Na maji?"

"Maji yapo, dada. Maji yanatoka chini, hayatoki juu ya mti." Akacheka, vijana wake wakacheka. "Halafu unanigombeza mimi, mwanao ndiye aliyepima. Jina lake liko ukutani pale ofisini, kubwa hivi. Kasema kuchoma ndiyo bora. Sasa sisi tusiosoma tubishane na msomi?"

Mama akanigeukia. Mama yangu akikasirika anasema, tena sana, mpaka majirani wanatoka nje. Siku ile alinyamaza. Akachota maji, nikamtwisha, tukashuka. Njiani akauliza mara moja tu, "Uliandika hivyo?"

"Sikuandika hivyo, mama."

"Uliwaambia sivyo?"

Nikaishika ndoo isiyumbe.

"Haya," akasema.

Lile neno "haya" nililala nalo siku nne.

Na nikapiga hesabu, maana hesabu siogopi. Madebe matano kila siku. Nilienda jikoni Jumanne nikamwomba mpishi, Mzee Ahmadi, anichomee debe moja bichi, linavyotoka kwenye sufuria. Mzee Ahmadi akasema, "Mjukuu, unataka kunitesa?" lakini akanisaidia. Tulimaliza mzigo mzima wa kuni na kwa ndani ugali ulikuwa bado unafuka mvuke kama umepakuliwa sasa hivi. Mzigo mmoja, debe moja, na halikuisha. Maana yake mizigo mitano kwa siku. Zaidi ya mia kwa mwezi. Bwana Alois aliijua hiyo hesabu kabla yangu, ndiyo maana rangi yake haikuishia kwenye mti mmoja. Tanuri bure, kuni za kununua. Anatupikia, anatuchomea, na kuni anatuuzia za kwetu wenyewe.

Jumatano Diana akaninong'oneza, "Madamu kasema tuanike tena. Ya kesho na ya leo. Anasema yakianikwa yanawaka kama yana petroli, na Ijumaa hataki aibu."

"Diana," nikasema.

"Eeh?"

"Masika ikija mtaanika wapi?"

Akanitazama kama ndiyo mara ya kwanza ananiona. "Mimi nimeambiwa nianike," akasema. "Kuhusu masika muulize Madamu, kama unaweza."

Kama unaweza. Alijua siwezi. Wote walikuwa wanajua. Ndiyo maana Madamu alipopanga kazi za Ijumaa alimpa Diana kusoma maelezo mbele ya mgeni, na mimi, mwenye jina, akanipa kutia makombo tanurini. "Kristina haongei," akawaambia walimu, mimi nimesimama palepale. "Yeye atie tu."

Vizuri. Nitatia.

Ijumaa wakapanga viti chini ya turubai, vitambaa vyeupe, maua ya plastiki. Mgeni rasmi akaja na kaunda suti ya rangi ya maziwa. Tanuri lilikuwa limepakwa chokaa, moto umekokwa tangu asubuhi, na pembeni yake ndoo mbili nzuri zenye makombo makavu, yamekauka mpaka yanagongana kama kokoto. Bwana Alois alikaa mstari wa mbele, na barua ilikuwa kwenye faili juu ya meza, mbele ya mgeni, na kalamu juu yake.

Diana akasoma. Sauti yake nzuri kweli. Akasoma mzigo mmoja kwa madebe manne, watu wakapiga makofi. Madamu akanipa ishara kwa kidole.

Sikuzigusa zile ndoo. Nilienda jikoni, hatua kama thelathini, nikabeba debe la makombo ya mchana uleule, ambayo wasichana walikuwa wamemaliza kula sasa hivi. Mzee Ahmadi akaniambia, "Siyo hilo, mjukuu." Nikamwambia, "Ndilo." Nikarudi nalo. Madamu alikuwa anaongea na mgeni, hakuona. Nikamimina lote. Nikarudi nikaleta la pili, nikamimina lote.

Moto ulilia, chiii, kama nyoka. Halafu ukazima karibu wote, na moshi ukatoka. Sijawahi kuona moshi ule. Mweupe, mzito, una maharage ndani yake. Na saa nane mchana upepo unashuka kutoka mlimani, kila mtu wa Morogoro anajua, ila aliyepanga viti hakuukumbuka. Ukachukua moshi wote ukaupeleka chini ya turubai kama umetumwa.

Watu walikohoa. Viti vikaanguka. Mgeni akatoka na leso mdomoni, machozi yanamtoka, kaunda suti imepata madoadoa ya masizi. Madamu akanishika mkono, "Umefanya nini? Umetia nini?"

"Makombo," nikasema.

"Sema kwa sauti!" mgeni akafoka. "Ulitia nini wewe binti?"

Basi nikasema. "Makombo mabichi, Mheshimiwa. Ndivyo yanavyotoka jikoni. Yale makavu yalianikwa juu ya bati siku mbili. Namba ile ukutani ni ya makavu. Mabichi ni mzigo mmoja kwa debe moja na hayaishi, na hiyo barua hapo ni ya kukata miti ya chemchemi yetu."

Sijui hata kama alinisikia. Alikuwa anaangalia mkono wa kaunda suti yake. "Barua nitaisoma ofisini," akamwambia Madamu, "nikishaoga." Akaingia kwenye gari.

Hakutia sahihi. Lakini mnielewe, hakutia sahihi kwa sababu ya nguo. Nilipanda mlima siku ile nimekasirika kuliko nilivyoshuka. Nilikuwa nimesema, kwa sauti, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na kilichosikika ni moshi.

Na Madamu alikuwa kashaniambia, "Jumatatu uje na mzazi. Utaandika kwa mkono wako kwamba ulifanya hujuma, Bwana Alois ataipeleka pamoja na barua, na sahihi itapatikana."

Jumatatu mama alivaa kanga yake ya kwendea kanisani, akachukua debe lake tupu la nguruwe. Nikamwambia, "Mama, debe la nini? Tunaenda ofisini."

"Mimi siendi mjini mikono mitupu."

Ofisini alikuwepo Madamu, Bwana Alois na Mwalimu Idrisa, katoka hospitali, macho bado ya njano, shati linampwaya. Mama akasalimia, akaweka debe mlangoni, akakaa.

"Mama Kristina," Madamu akaanza, "mtoto wako ameiaibisha shule. Kwa makusudi."

"Kafanya nini?"

"Si umeshasikia? Kaharibu tanuri mbele ya mgeni."

"Kalivunja?"

"Hakulivunja. Katia vitu visivyotakiwa."

"Vitu gani?"

"Makombo!"

"Samahani, mwalimu. Mimi darasa la nne. Tanuri ni la nini?"

Bwana Alois akatikisa kichwa. "Dada Katerina, usianze."

"Sijaanza. Nauliza. Tanuri la makombo, mtoto katia makombo. Kosa liko wapi nimchape? Mnionyeshe, nitamchapa hapahapa."

"Alitia mabichi!" Madamu akapiga meza. "Mabichi hayaungui! Hata mtoto mdogo anajua makombo mabichi hayaungui!"

Nje wasichana wa kidato cha kwanza walikuwa wanaimba wakifagia. Nadhani Madamu mwenyewe aliyasikia maneno yake baada ya kutoka.

Mwalimu Idrisa akakohoa. "Madamu, kwa heshima. Masika inaanza wiki mbili zijazo, pengine kabla. Hayo makavu tutayapata wapi?"

"Idrisa, hujapona bado, nenda kapumzike."

"Nitapumzika. Lakini ile barua imeandikwa kwamba kipimo kimethibitishwa na mwalimu wa somo. Mwalimu wa somo ni mimi. Sijathibitisha. Nilikuwa na dripu mkononi. Siweki sahihi."

Bwana Alois akasimama. "Kwa hiyo tanuri langu nimejenga bure?"

"Si ulisema ni bure," mama akasema.

Alitoka akiubamiza mlango, debe la mama likaanguka, likabingirika mpaka koridoni. Mama akaenda akaliokota, akaliangalia kama limebonyea.

Ningependa kuishia hapo. Kama ningekuwa natunga tu ningeishia hapo, barua haina sahihi, miti imesimama na rangi yake. Lakini Madamu hakuwa amemaliza. Akasema, polepole, "Sawa. Kipimo cha kuchoma kilikosewa. Mnataka haki? Basi na cha nguruwe kirudiwe. Leo, mbele yangu. Mama Kristina, chukua debe lako ujaziwe kama linavyotoka jikoni. Lisiguswe. Kama linavyotoka."

Tukaenda jikoni. Ilikuwa baada ya chakula, wasichana bado wamejaa uani. Mzee Ahmadi akamimina makombo kwenye debe la mama mpaka juu. Mama akapiga magoti kulitazama, akaingiza mkono, uso ukabadilika.

Akatoa mfuko wa rambo. Akautupa chini. Akatoa mwingine. Wa tatu ulikuwa na mbegu za ubuyu ndani, umefungwa fundo. Mifuko hii imejaa mjini siku hizi, kila kitu kinauzwa ndani yake, karanga, mihogo, barafu, na wasichana wakimaliza kula wanaitupia humohumo kwenye makombo.

"Nani anatia rambo kwenye chakula?" mama akapaza sauti, ile sauti yake yenyewe sasa. "Eeh? Nyie wasichana! Mnataka kuwaua nguruwe wangu? Nguruwe akimeza hii anavimba tumbo siku tatu, anakufa mnamwona!"

Wakarudi nyuma. Wengine wakacheka, wengine wakaziba midomo. Madamu alikuwa kasimama mikono nyuma. Hakunifokea. Aliniuliza kwa upole kabisa.

"Kristina. Zile wiki nne, rambo zilikuwa wapi?"

Na hapo ndipo nilipojua. Zilikuwa humo humo. Nilikuwa naziokota mimi, kila siku, nyuma ya jiko, mkono mpaka kwenye kiwiko, kabla sijajitwisha. Nusu saa, siku nyingine zaidi. Sikuiandika mara hata moja. Haikunijia kwamba ni kazi. Kwetu kabla ya kumpa mnyama chakula unakipekua, kama Diana kwao wanavyoanika ukoko. Safu yangu ilikuwa safi kwa sababu niliisafisha kwa mikono yangu, nikaandika kwamba ilitoka hivyo.

Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Nilimkasirikia Madamu kwa kuuliza swali la kweli kwa nia mbaya. Nikajikasirikia mimi. Nilimwona Mwalimu Idrisa ananitazama, na nilijua nikinyamaza ataninyamazia, na kule kujua kukawa kubaya zaidi.

"Nilikuwa naziokota mimi," nikasema. "Nusu saa kila siku. Sikuandika."

"Ah," Madamu akasema. "Kwa hiyo na wewe."

"Na mimi."

"Kwa hiyo wote mmedanganya, wewe na Diana, hakuna tofauti."

"Ipo," nikasema, na sauti ilitoka kubwa, uani pote wakageuka. "Rambo inaokoteka, Madamu. Mkono unatosha. Masika haiokoteki. Na mkuyu ukikatwa haurudi. Iandikwe nusu saa, iandikwe na mtu wa kuokota, iandikwe na nguruwe anaweza kufa. Na kuchoma kuandikwe mizigo mia kwa mwezi. Halafu tuzipange ukutani zote nne."

Mwalimu Idrisa akatoa kalamu mfukoni. Hakuwa na karatasi, akageuza karatasi ya dawa zake za hospitali, akaiweka juu ya pipa. "Haya, anza upya," akasema. "Debe la kwanza. Saa?"

Mzee Ahmadi akachungulia saa yake. "Nane na robo."

Nikapiga magoti kando ya mama, nikakunja mkono wa sare. Ugali ulikuwa bado wa moto chini. Diana akaja akasimama nyuma yangu, nikadhani anataka kuchungulia, kumbe naye anakunja mkono. Madamu hakuondoka. Alibaki pale juani, uso umekaza, anasubiri nikosee.

"Ya nne," nikaita. "Ya tano. Ya sita, ina ganda la ndizi ndani."

"Ganda liandikwe wapi?" Mwalimu akauliza.

"Liandikwe kwenye mboji," mama akasema, bila kuinua kichwa.